Siku Nilipoirudisha Rejista Nyuma

Nyinyi vijana mnaokuja kunisalimia mimi Tantine, shangazi yenu, hapa Kimanga, Uvira, mkinikuta na miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani, mnafikiri nitawaambia kwamba zamani kazi ilikuwa ngumu. Hapana. Zamani kazi ilikuwa rahisi. Mashine ya kuandika ikikwama, unaifungua, unatoa mende, unaifunga. Wenye kazi ngumu ni nyinyi, kwa sababu mmejifunza kila kitu kwenye video ya dakika nane, na mjinga wa dakika nane ni mgumu kumfundisha kuliko mjinga wa kuzaliwa. Yule wa kuzaliwa anajua hajui.

Juma lililopita mmoja wenu aliniletea ordinateri, kompyuta yake inayoendeshwa na Linux, niione. Alikuwa ameigawa diski katika sous-volume, yaani vipande, kumi na saba. Kumi na saba! Moja ya muziki, moja ya picha, moja ya picha zilizokataliwa. Nikamuuliza, hii ya tisa ni ya nini? Akaniambia, "Tantine, hata minye sijue, lakini mu video ilikuwamo." Sikumcheka mbele yake. Nilingoja avuke barabara.

Basi leo kaeni niwaeleze jambo hili kwa njia niliyolijulia mimi, yaani kwa aibu. Aibu haisahauliki. Video mtaisahau kesho.

Kwanza mjue ninaongea na nani akilini. Naongea na yule msichana niliyekuwa, niliyefungua duka dogo la kutengeneza mashine za ofisi, halafu ordinateri. Wanaume walikuwa wakiingia, wanatazama huku na huku, wanauliza, "Patron iko wapi?" Nawajibu, "Minye ndio patron." Wanatabasamu kwa huruma. "Hapana, mama, yule mwenye anatengenezaka." Mmoja alikaa kwenye kiti asubuhi nzima akimngoja huyo mwanaume, huku mimi nikiimaliza imprimante yake, ile mashine ya kuchapa, mbele ya macho yake. Nilipompa, alisema nimsalimie fundi.

Aliyenifundisha Linux ni Papa Kashindi. Alikuwa mwalimu wa fizikia katika shule moja ya bondeni, akastaafu, akarudi kwao Katogota kulima mpunga na mihogo, na ordinateri zake tatu kuukuu zikiwa kwenye chumba kimoja na magunia. Mtu mfupi, mwenye ulimi kama msumeno. Sikuwahi kusikia asante kinywani mwake. Siku ya kwanza nilipokwenda kwake, nilikaa mbele ya mashine nikaanza kubonyeza ili aone ninavyojua. Alichomoa clavier, ule ubao wa herufi, akaiweka juu ya kabati, akanipa kalamu ya risasi na karatasi.

"Chora," akasema.

"Nichore nini, Papa?"

"Bintu byote byenye biko mu ile machine. Kisha uniambie, siku itaharibika, gani irudi nyuma, na gani ibakie pale iko."

Nilikaa mpaka saa sita mchana. Mchoro wangu ulifanana na mbuzi aliyegongwa na gari. Papa Kashindi alicheka hadi akakohoa, akamwita mke wake aje aone. Lakini swali lake ndilo elimu yote, na mtu akiwaambia kuna elimu nyingine juu ya hiyo, anatafuta sifa.

Nieleze kwa wale ambao hawajui. Diski ni moja. Sous-volume ni sehemu ya diski hiyo ambayo unaweza kuipiga foto peke yake, na kuirudisha nyuma peke yake, bila kuzigusa nyingine. Nikisema foto sisemi ile ya harusi. Ni hali ya mafaili yote ya sehemu ile kama yalivyokuwa dakika ile. Programu mpya ikivuruga mashine leo, unairudisha sehemu ya programu kwenye foto ya jana, na mashine inaamka kama haikutokea kitu. Vizuri sana. Ila kila kilichomo katika sehemu ile kinarudi jana pia. Hapo ndipo wajanja wanapofia, na mimi nilikuwa mjanja.

Kulikuwa na kituo kimoja cha afya kidogo hapa mtaani. Infirmière titulaire wake, yaani mkuu wa wauguzi, alikuwa Mama Mapendo, mwanamke mpana, mpole kwa wagonjwa na mkali kwa sisi wengine wote. Rejista zake za karatasi zilikuwa zimeliwa na panya mpaka herufi M. Alipopata ordinateri, aliniita niipange: Linux, na programu ya rejista ya wagonjwa.

Nilifika kwake siku ya Ijumaa. Kesho yake binamu yangu alikuwa anaolewa, na nywele zangu zilikuwa zimesukwa nusu. Upande wa kushoto nilikuwa bibi, upande wa kulia nilikuwa kichaka. Msusi alikuwa ananingoja. Kwa hiyo kazi ya siku moja niliifanya kwa saa moja. Nilitengeneza sehemu mbili: ile tunayoandika @, ya mfumo na programu zake, na ile ya @home, ya vitu vya watu. Nikajisifu moyoni: mfumo ukiharibika narudisha @, na barua za Mama Mapendo zinabaki salama kwenye @home. Safi. Sikuchora. Sikuuliza programu ya rejista inaweka wapi majina ya wagonjwa. Nilidhani, kwa kuwa wagonjwa ni watu, watakuwa kwenye vitu vya watu.

Hawakuwa huko. Programu za namna ile huweka vitu vyao ndani kabisa ya mfumo, kwenye /var/lib. Yaani wagonjwa wote wa Mama Mapendo walilala ndani ya @, pamoja na programu, na mimi nilikwenda kumaliza kusukwa.

Kituo kilikuwa na mtu wake wa ordinateri, Dieudonné. Alijiita Ingénieur. Alivaa tai katika joto la Uvira, na cheti chake alikitundika ukutani juu ya chati ya chanjo, hata akina mama wakawa wanakisoma wakidhani ni ratiba ya watoto. Nilimwambia kila Jumatatu apige foto ya @. Akaniambia foto zitajaza diski. Nilimweleza kwamba foto haichukui nafasi nyingi, inaongeza tu vile vilivyobadilika. Alitikisa kichwa kama mtu anayemsikiliza mlevi kwa adabu.

Miezi ikapita. Asubuhi moja, courant, yaani umeme, ikiwa inakuja na kuondoka kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa, Dieudonné aliamua kufanya mise à jour, yaani kuziweka programu mpya. Betri iliyotakiwa kuishikilia mashine, yeye alikuwa ameimaliza kwa kuchajia simu. Katikati ya kazi, courant ikaenda. Iliporudi, mashine haikuamka. Ilionyesha mistari myeupe tu.

Nikaitwa. Niliingia kama malkia. Niliangalia, nikakuta foto ya mwisho ya @ ni ya mwezi mzima nyuma, ile niliyoipiga mwenyewe siku niliyopita kusalimia. Nikasema si kitu, programu za mwezi uliopita zinatosha. Ile @ iliyovurugika niliibadilisha jina nikaiita @mbovu, nikaisukuma pembeni. Kutoka kwenye foto nikatengeneza @ mpya. Nikawasha. Mashine ikaamka. Wauguzi wakapiga makofi. Nililetewa soda, nikainywa polepole, nikimtazama Dieudonné juu ya chupa. Nawaambia ukweli: soda ile ilikuwa tamu sana.

Sikuwa nimeimaliza soda ile, pikipiki ikasimama mlangoni.

Aliyeletwa aliitwa Furaha, mwanamke wa Luvungi, mimba ya miezi minane. Alikuwa ameegemezwa kati ya dereva na mume wake, Byamungu, mwili unawaka moto, maneno hayatoki sawa. Mama Mapendo alimlaza, akampima, akasema ana maambukizi, anahitaji sindano sasa hivi. Hapo Byamungu akamshika mkono.

"Muganga, ngoja. Ile siku tulikuja hapa, balimutia sindano moja, akavimba uso, pumzi ikabana. Kidogo afe. Balisema asipewe tena ile dawa."

"Dawa gani?"

"Ilikuwa ya mweupe."

"Papa, dawa zote ni za mweupe!"

Karatasi ya mgonjwa ilibaki Luvungi mezani, kwa haraka. Muuguzi aliyemtibu siku ile alikuwa amepanda milimani kwenye msiba, huko simu haishiki. Lakini Mama Mapendo hakuwa na wasiwasi. Alinigeukia. "Tantine, unifungulie Furaha wa Luvungi. Balikuja kama majuma mawili imepita. Tuliandika yote mu machine."

Niliandika jina. Hakuna. Nikaliandika kwa herufi nyingine. Hakuna. Nikatafuta kila mtu wa Luvungi. Nikatafuta kila mgonjwa wa majuma manne yaliyopita, wa popote. Rejista ilikuwa nyeupe. Mtu wa mwisho alikuwa wa mwezi uliopita, mzee mwenye jino. Baada yake, kwa ile mashine, hakuna aliyewahi kuumwa Uvira.

Nilielewa yote kwa mara moja: wagonjwa walikuwa ndani ya @, na nilikuwa nimewarudisha nyuma pamoja nayo.

Mama Mapendo alisimama nyuma yangu, akasoma tarehe. Alikuwa hajui Linux, lakini alijua kusoma.

"Weye," akasema taratibu, "umetengeneza ordinateri ao umenirudishia kalenda nyuma?"

Dieudonné, ambaye hakuwa ameelewa kitu, aliona nafasi yake imefika. Akainama, akaweka mkono kwenye clavier. "Pengine diski ndiyo imejaa. Nifute kwanza ile @mbovu, itapata pumzi."

Nilimpiga kofi la mkononi. La kweli, lililosikika mpaka chumba cha kusubiria. Sijawahi kuomba msamaha kwa kofi lile, na kama Mungu ataniuliza, nitamwonyesha mchoro wa diski ile.

Nikampigia Papa Kashindi. Alikuwa shambani, upepo unavuma ndani ya simu. Nilianza kumweleza mambo ya foto, na binamu, na nywele. Akanikata.

"Ile ya zamani uliifuta?"

"Sikuifuta, Papa. Niliipa jina @mbovu."

"Sasa unalia nini? Bagonjwa balikuwa mu ile ya zamani, bangali mu ile ya zamani. Simamisha programu kwanza, fungua @mbovu pembeni, chukua mufuko wa rejista mule, uweke mahali pake. Tena usinipigie ukiwa na machozi, inaharibu sauti."

Akakata simu. Hicho ndicho kitu kimoja alichokuwa amenizoesha kwa matusi mpaka kikaingia kwenye vidole: usifute kilichoharibika siku ile ile, kibadilishe jina. Siku ile vidole vilikuwa na akili kuliko kichwa.

Niliisimamisha programu ya rejista, kwa sababu ukinakili faili wakati programu inaliandika, unanakili fujo. Niliifungua @mbovu. Niliandika jina la folda vibaya mara tatu. Nyuma yangu Mama Mapendo alikuwa ameweka serumu ya mshipani, anampangusa Furaha kwa kitambaa cha maji, na Byamungu anasimama mlangoni akiuliza kila dakika, "Mama, imepatikana?" Kila mara Mama Mapendo alinigeuzia mimi macho.

Mungu alisaidia: mise à jour ilikufa kabla ya kuigusa programu ya rejista, kwa hiyo rejista ya jana ilikubali kusomwa na programu ya mwezi uliopita. Ingekuwa imeguswa, ningekuwa na hadithi nyingine, na nisingewasimulia. Niliinakili, nikaiwasha programu, nikaandika: Furaha, Luvungi.

Akatokea. Chini ya jina lake: "Ampisilini. Uso ulivimba, pumzi ikabana. ASIPEWE TENA."

Nikasoma kwa sauti. Mama Mapendo aligeuka akatazama sinia lake. Sindano ilikuwa tayari pale, imeshavutwa dawa, inangoja tu. Aliichukua kwa vidole viwili, akaiweka mbali, upande wa pili wa meza. Hakusema ilikuwa na nini. Akafungua dawa ya aina nyingine. Jioni homa ilishuka, na Furaha akaomba ugali.

Mimi nilimfuata Mama Mapendo koridoni. Nilimwambia kwamba kosa si la courant, wala si la Dieudonné peke yake. Ni langu, nilipanga vibaya tangu siku ya kwanza kwa sababu nilikuwa na haraka ya harusi. Nilitegemea aniambie usijali, kila mtu hukosea. Hamkumjua Mama Mapendo.

"Leo ulinirudishia bagonjwa bangu," akasema. "Lakini ni weye ulikuwa umebachukua. Kesho urudi, upange vizuri. Na usije na harusi."

Kesho yake Papa Kashindi alikuja mwenyewe kwa pikipiki, na matope mpaka magotini. Hakunisalimia. Alikaa na Mama Mapendo, akatoa karatasi, na swali lile alilokuwa akiniuliza mimi akamuuliza yeye. Nilikaa pembeni kama mwanafunzi aliyefukuzwa.

"Muganga, machine ikirudi mwezi moja nyuma, gani hutaki irudi?"

"Bagonjwa."

"Na gani tena?"

"Barua zangu. Nimeziandika na jasho."

"Na gani unataka irudi?"

Mama Mapendo akakitazama kile cheti ukutani. "Kiburi ya Dieudonné."

Papa Kashindi aliandika na hiyo, pembeni, kwa herufi ndogo. Kisha akachora. Mkitaka kunakili, nakilini, maana mpaka leo sijaona sababu ya kuongeza sana. Ilibaki @ ya mfumo na programu, kitu ambacho ukikirudisha nyuma hakuna anayelia. @home ya barua na vitu vya watu. Halafu @rejista, iliyofungwa pale pale programu inapoweka wagonjwa, ili mfumo urudi hata mwaka mzima na wagonjwa wasisogee. @log aliiweka peke yake pia, ile sehemu ambamo mashine huandika yaliyoipata. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Muntu akianguka akazimia, ukimufufua na umusahaulishe kile kilimuangusha, ataanguka tena." Na mwisho @foto, ghala la foto zenyewe. Zote bega kwa bega, hakuna moja ndani ya tumbo la nyingine. Ukiziingiza moja ndani ya nyingine, foto ya ile ya nje haibebi ile ya ndani. Utafungua siku ya shida ukute folda tupu, safi, imefagiliwa.

Sehemu tano. Si kumi na saba. Kila moja ina jibu la swali "kwa nini?", na jibu lisilokuwa "niliona kwa video".

Na msije mkaniambia kwamba ukiwa na foto basi umelindwa. Foto inakaa kwenye diski ile ile. Ziwa lilipopanda likaingia kwenye nyumba za pwani, bwana mmoja mwenye sauti kubwa, aliyekuwa akinifundisha mimi habari za foto kila tulipokutana sokoni, aliniletea diski yake ndani ya beseni, ina mchanga. "Nirudishie foto ya Jumapili," akasema. Nikamwambia foto ya Jumapili iko mule, pamoja na dagaa. Kwa hiyo Mama Mapendo alipata diski ya pili, akawa anaipeleka nyumbani kwake kila Jumamosi ndani ya mkoba, imefungwa kwa kitenge. Hakumpa Dieudonné aibebe hata siku moja.

Dieudonné hakufukuzwa. Watu wa namna ile hawafukuzwi. Alipandishwa cheo. Kwenye mkutano wa kamati alieleza jinsi "tulivyookoa data", na neno data alilitamka akinyoosha tai. Nilinyanyuka nikasema kosa lilikuwa langu na rejista iliokoka kwa sababu haikufutwa. Wakanishukuru kwa unyenyekevu wangu, wakampigia yeye makofi.

Furaha alijifungua palepale kituoni, mwezi uliofuata, mtoto wa kike mwenye mapafu ya kuuza. Mama Mapendo aliniita niende kuona kama rejista mpya inafanya kazi, na akataka mimi mwenyewe nimwandike mtoto. Byamungu alikuwa amevaa shati safi. Alimpita Mama Mapendo, akanipita mimi nikiwa nimekaa mbele ya mashine, vidole juu ya clavier, akaenda kumshika Dieudonné mikono yote miwili.

"Ingénieur, ile siku uliokoa bibi yangu. Tumekubaliana na familia. Mutoto tunamuita jina yako."

Dieudonné aliinamisha kichwa kama mtu aliyezoea.

Mama Mapendo alikuja akasimama nyuma yangu, kama siku ile. Nilihisi tumbo lake linatikisika kwa kicheko alichokizuia. "Andika, Tantine," akaninong'oneza. "Minye na weye tunajua."

Nikaandika. Dieudonnée, wa Luvungi, binti wa Furaha na Byamungu. Niliandika herufi kwa herufi, hata ile e ya mwisho ya kike, meno yamebana. Kisha nikafunga programu, nikaifungua tena, kuona kama amebaki.